Kigari cha Mkunga

Jumatatu, 3 Machi
Nimekipata! Kigari chekundu, kidogo kama kiberiti. Mwenyewe ni mkunga mstaafu, mtaa wa pili. Kilimpeleka zahanati kikamrudisha, basi. Kila alipobadilisha oili aliandika tarehe kwenye daftari. Bei nafuu. Ningeweza kulipa leo leo. Lakini nani hulipa bei ya kwanza? Mke wangu, mshika akiba, kanipa hadi Ijumaa. Ikifika sijanunua, ananunua cherehani ya umeme, nami niendelee kuomba lifti ya pikipiki kwa kaka yake. Lifti, na mahubiri juu yake!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: kufukuza wateja, bei ishuke. Nimesimama langoni pa mkunga tangu asubuhi. Kila mteja nilimvuta kando, nikamwambia kwa huzuni kwamba injini ile inakunywa oili kama kichanga titini. Wanne wamegeuza njia. Mmoja kanishukuru kwa mikono miwili!

Jumatano, 5 Machi
Nimeongeza ugonjwa wa gia. Kinyozi, wembe shingoni mwangu, kanionya nisikaribie gari la mkunga. Uvumi una miguu! Bei imeshuka. Nimeruka mtaro bila sababu.

Alhamisi, 6 Machi
Imeshuka tena! Nimemwomba mke pesa. Amekataa. Kaambiwa sokoni na watu watatu kwamba lile ni jeneza lenye magurudumu. Nikaapa ni zima. Akauliza nimejuaje. Nikakiri: uvumi ni wangu. Akacheka hadi akakaa chini. Eti baba watoto, uongo nimekuzoea nao, ila huu umekosa hata chumvi.

Ijumaa, 7 Machi
Cherehani imefika. Kigari kimenunuliwa. Na nani? Shemeji! Hakumsikiliza mtu. Alisoma daftari, akaingia uvunguni, akalipa. Bei niliyoishusha mimi, kwa miguu yangu!

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kanipa lifti. Kigari kinateleza kama kimepakwa siagi. Papo hapo nikapata mbinu: akiogopa, ataniuzia. Nikamwambia nasikia gia zinalia. Akasimama. Akasema kama ni hatari kiasi hicho, hayuko tayari kumfanya dada yake mjane. Akanishusha, akaenda zake akipiga mluzi.

Nimetembea kilomita nne, kiatu kinabana, nikicheka peke yangu. Hofu imeshamwingia!

Kesho namwongezea breki.