Tumejaa

Jumatatu, 3 Machi
Hoteli ya kampuni ya kigeni imefunguliwa ng'ambo ya barabara. Milango yake inafunguka yenyewe. Mlango wa gesti yetu lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke. Mke wangu anasema tukikosa wateja wiki hii, kaka yake atawakodisha jengo hao hao wa hoteli, wafulie mashuka. Jengo ni la shemeji. Akili ni zangu.

Jumanne, 4 Machi
Mteja mmoja tu, muuza vipuri, mlalaji wetu wa kila wiki. Nilikwenda kuchungulia kwa jirani. Mapokezi walikuwa wakimwambia mtu vyumba vimejaa, naye anabembeleza. Nikaelewa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika TUMEJAA kwa rangi nyekundu, nikatundika mlangoni. Mke wangu aliuliza tumejaa nini. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema anakwenda kuanua mashuka ambayo hayajalaliwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango unakwenda vizuri. Familia nzima ilishuka kwenye teksi, ikasoma, ikasikitika. Nilifurahi nyuma ya pazia. Wakavuka barabara. Na muuza vipuri akavuka. Huyo sikumtegemea.

Ijumaa, 7 Machi
Alikuja meneja wa hoteli, mgeni wa juzi tu nchini. Wageni wamemzidi, anatafuta gesti ya kuwalaza, mkataba wa msimu mzima. Alisoma kibao, akaomba radhi, akageuka. Nilimkimbilia na kandambili moja, nikamweleza kwamba tumejaa ila hatuna mtu. Akasema Kiswahili chake bado kichanga, atarudi na mkalimani. Hakurudi. Mke wangu akampigia kaka yake simu.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji alikagua vyumba, vyote vitupu. Alisema hajawahi kuona mtu anafukuza wateja kwa maandishi. Ameshatia saini mkataba na hoteli. Mke wangu atakuwa mkuu wa wafuaji. Amenibembelezea na mimi kazi: kusimama getini hotelini.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kwanza kazini. Sare inabana tumboni. Niliagizwa kukaribisha wageni. Gari la kwanza nililikaribisha kwa tabasamu, kisha nikalishauri lijaribu tena kesho. Hoteli ya hadhi hii haiingiwi kirahisi kama sokoni. La pili vilevile. Sasa meneja ananiita ofisini. Nimefunga vifungo vyote. Wanaonekana watu wasiochelewa kumpandisha mtu cheo.