Marehemu Yumo Stoo

Jumatatu, Machi 3

Kinyozi amenikata sikio, na kosa ni langu, maana niliruka kitini bila kumwambia. Redio ilikuwa imetangaza kwamba ile meli yetu kuukuu inapelekwa kwa wakataji wa vyuma chakavu. Meli yangu! Miaka ishirini na sita nimepika ndani yake. Mwaka wa kwanza nilichonga jina langu ukutani, nyuma ya jiko, kwa kisu cha nyama. Ndilo jina langu pekee lililowahi kwenda baharini, na sasa linakwenda kuyeyushwa.

Inakuja meli mpya ya kivita, haina jina. Wananchi tunaombwa kupendekeza mtu anayestahili. Pale kwa kinyozi pakawa hapakaliki. Nusu wanamtaka admirali wa kwanza. Nusu wanamtaka yule mzamiaji aliyewaokoa mabaharia kumi na mmoja. Nikauliza, kwa upole kabisa, nani aliyewalisha hao wote. Kinyozi alinipa pamba ya sikio.

Nimekata shauri. Meli ile itabeba jina langu.

Jumanne, Machi 4

Nimekwenda kituo cha jeshi la majini kuchukua fomu. Masharti matatu. La kwanza, awe alihudumu baharini. Ninalo. La pili, awe ametenda jambo la kukumbukwa. Siku ya dhoruba kubwa niliwapa chai watu mia na arobaini kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia bomba nisianguke. Ninalo. La tatu, awe marehemu.

Hapo ndipo penye kazi.

Jioni akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa mpiga tarumbeta wa jeshi, melini mwetu humo humo, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Tarumbeta. Hatuivi chungu kimoja tangu aliposema mbele ya nahodha kwamba supu yangu ina ladha ya sabuni. Miaka kumi na tisa sasa. Yeye ni mtu wa admirali. Anasema meli inataka jina la mtu mkubwa, si la mtu yeyote tu. Aliposema "yeyote" alinitazama mimi. Kesho anakwenda kwa binti yake kwa siku chache. Safari njema.

Fomu nimeijaza. Palipoandikwa "anayependekeza" nimeandika: mjane.

Alhamisi, Machi 6

Nimemweleza mke wangu kwamba ni mjane. Hakufurahi. Aliuliza amefiwa lini, na mbona bado anafua mashati ya marehemu. Nikamwambia nimekufa kwenye fomu tu. Akasema hajasema uongo tangu tuoane na hataanza kwa ajili ya meli. Nimembembeleza kutwa nzima. Mwishowe tumekubaliana: kamati ya kuchagua jina ikija, atajibu anachoulizwa, kweli tupu. Wasipouliza kama niko hai, hatasema. Mpango umekaa sawa.

Jumatatu, Machi 10

Majina yamesomwa redioni na kubandikwa kwenye lango la kituo. La tano ni langu! "Marehemu", kwa herufi kubwa. Nilikwenda kujisoma mara nne. Nikavua kofia.

Alasiri mlango ukagongwa, nikafungua. Tarumbeta. Ametoka stendi moja kwa moja, begi begani, kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, macho mekundu. Alikuwa ameisikia redio kwa binti yake. Aliponiona alikaa chini pale pale kizingitini. Kisha akanipiga na begi. Akanikumbatia. Akanipiga tena. Anasema njia nzima alikuwa akijilaumu kwa ile supu. Nikamwuliza kama basi anaifuta kauli yake. Akasema alikuwa tayari kuifuta nilipokuwa nimekufa, sasa hapana.

Alikula kwetu. Supu aliimaliza.

Alhamisi, Machi 13

Kamati imemtuma luteni, binti mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi ikapigika, kuja kumpa pole mjane na kumhoji. Nilikimbilia stoo ya jikoni nikakaa juu ya gunia la vitunguu.

Luteni aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikatega sikio, lile zima. Mke wangu akasema mkaidi, mwenye hila za kitoto, asiyejua hata kukunja suruali yake. Nilianza kujuta. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa.

"Meli ikirudi, wake wote tulikuwa tunasimama gatini," akasema. "Wenye vyeo wanapanga mstari juu, wanaonekana. Yeye mpishi hakuruhusiwa kutoka jikoni. Basi alikuwa anatoa mfuniko wa sufuria kwenye kidirisha, anautikisa juani mpaka niuone. Miaka ishirini na sita, mwanangu. Hakukosa hata mara moja. Meli yenyewe mimi sikuwahi kuishika jina. Nilikuwa nasema tu, mfuniko umefika."

Miaka yote hiyo sikuwa na hakika kama aliuona. Hakuwahi kuniambia, nami niliona haya kuuliza. Nilikuwa nalia. Naandika hapa kwamba ni vitunguu, ingawa mpishi halizwi na vitunguu.

Luteni naye alipenga kamasi. Akauliza marehemu amezikwa wapi, kamati ingependa kupeleka shada la maua.

"Yumo stoo," mke wangu akajibu. "Kwenye vitunguu."

Ijumaa, Machi 14

Barua imeletwa. Nimeondolewa kwenye orodha. Sababu: yu hai. Mke wangu ameibandika ukutani jikoni. Anasema haijawahi kuingia barua nzuri kama hiyo nyumbani humu.

Jumapili, Machi 23

Meli imepewa jina la mzamiaji. Sina kinyongo. Alikuwa akija jikoni kuomba ukoko, na asante alisema. Lakini juzi walianza kuikata ile kuukuu. Sikwenda kutazama. Nilijilaza kutwa nimegeukia ukuta, chakula kikanishinda.

Leo Tarumbeta amekuja na kitu kizito amekizungushia taulo. Kipande cha chuma, ukubwa wa sinia. Jina langu! Herufi zimepinda, na mafuta ya miaka yote bado yamegandia. Alishinda siku mbili kwa wakataji akiwapigia tarumbeta, mpaka wakakata kipande hicho ili wapumzike. Nilipotaka kumshukuru alinikatiza, akasema chuma bado kinanuka sabuni. Mke wangu amekiweka dirishani, panapoingia jua. Nampenda sana shemeji yangu. Sitamwambia.

Jumamosi, Machi 29

Mtu wa namna hiyo hafai kusahaulika. Nimeliwaza wiki nzima. Na leo redio imetangaza: bandari imepata boti mpya ya kuvuta meli, inatafutiwa jina. Masharti ni yale yale.

Fomu ninayo. Mpiga tarumbeta, miaka thelathini, mwenye moyo. Nimesifu mpaka nafasi ikaisha, nikaendelea nyuma ya karatasi. Kwenye sharti la tatu nimeweka alama ya ndiyo. Kosa la mara ya kwanza nimeshaligundua: marehemu alikaa karibu mno na mjane. Safari hii marehemu atakaa kwa binti yake.

Muda huu yuko sebuleni, anakunywa chai na dada yake, anacheka. Hajui kama amefariki. Nitamwambia Jumatatu.