Dawa ya Mende Juu ya Tanuri

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametukusanya asubuhi mbele ya tanuri. Bwana afya anakuja Ijumaa. Mara ya mwisho alipotembelea kiwanda chetu cha mikate alikuta mende amekaa juu ya gunia la unga, ametulia kama mwenye gunia. Akasema akimkuta mwingine, tanuri litazimwa.

Dada akanigeukia. Stoo ni yako, akasema, mende ni wako. Akionekana hata mmoja Ijumaa, ufunguo wa stoo unakwenda kwa Fundi Keki, na chumba cha nyuma ya stoo ninacholala nikihame. Fundi Keki alikuwa anachekecha unga. Hakuinua kichwa, lakini chekeche lilianza kwenda haraka zaidi.

Dada akanipa fedha ya dawa mpya. Nikapokea kwa mikono miwili. Dawa mpya ya nini? Nina katoni nzima! Niliichukua kwa bei ya kutupa siku lile duka la kona lilipofungwa. Ni miaka mingapi sasa sikumbuki, ila shemeji alikuwa bado ana nywele. Nimeihifadhi kwenye rafu iliyo juu ya tanuri, nyuma ya trei mbovu. Kopo linasema litunzwe mahali pakavu, penye ubaridi. Pakavu nilipata. Mtu hawezi kupata kila kitu.

Fedha ya dawa nimenunulia viatu vyeusi. Bwana afya ni mgeni wa heshima, huwezi kumpokea na ndala.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Nimemvizia mende nyuma ya ndoo ya hamira. Mkubwa, mguu mmoja hana. Nikambonyezea kopo. Likatoa mlio wa mtu anayekohoa kwa adabu, kisha tone moja likanidondokea kidoleni. Mende akasimama. Akajipangusa ndevu. Akaendelea na safari zake.

Fundi Keki alikuwa mlangoni. Akauliza kama namuua au namwogesha. Nikamweleza kwamba dawa za kisasa haziui papo hapo, zinamwacha mdudu aende akawaambukize wenzake. Akasema basi huyo anaonekana anakwenda kuwapelekea salamu tu. Ana mdomo mrefu binti huyu, sijui dada alimtoa wapi.

Kopo la pili, kimya. La tatu lilitoa povu la rangi ya kutu, likaishia kwenye shati langu. Fundi Keki alikuwa amekwisha kulifunika donge lake la unga, tena kwa shuka mbili, na kunitimua na makopo yangu.

Mchana nikamwona tena yule asiye na mguu. Amenawiri. Nimempa jina, Mwenyekiti.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda duka la pembejeo kutafuta ushauri. Nikamwambia mwenye duka kwamba kuna rafiki yangu ana dawa ya kupuliza ya siku nyingi, anataka kujua kama bado inafaa. Akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni pale pale niliposema rafiki.

Akasema nyingi huandikwa miaka miwili au zaidi kidogo. Ikitunzwa vizuri huenda ikaua hata baada ya tarehe kupita, ila hakuna wa kumhakikishia. Mara nyingi kinachotangulia kuondoka ni gesi, dawa inabaki ndani haina wa kuisukuma. Kopo nalo hushika kutu. Na joto ndilo baya kuliko yote. Akauliza rafiki anaiweka wapi. Nikasema mahali pakavu. Akauliza pakavu kiasi gani. Nikasema mikate huiva.

Akaacha kupima mbegu. Kisha akasema nimwambie rafiki ayashushe makopo leo hii, kabla halijapasuka moja likamtoa jicho. Akaenda kumhudumia mteja wa mbegu.

Nimelitafakari neno hilo njia nzima. Mtu huyu anauza dawa mpya. Atazisifu za zamani kwa faida gani? Hata hivyo, suala la tarehe limenikaa kichwani. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikazifuta tarehe zote. Kopo lisilo na tarehe halizeeki. Kisha nikairudisha katoni palepale, kwa kuwa dada alikuwa amesimama kwenye njia ya kutokea.

Fundi Keki naye ana vioja vyake. Ameshinda akiziba nyufa za ukuta kwa saruji, ameosha trei, amesukuma meza ya kukandia na kufagia makombo ya tangu kiwanda kianze. Anadhani mende ni wapangaji, ukiwabana wanahama.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimekagua stoo, jikoni, chini ya sinki. Hakuna mende. Mwenyekiti hayupo nyuma ya ndoo, wala nyuma ya magunia. Lile tone moja la juzi limefanya kazi. Amewaambukiza wote!

Nimempasha habari dada. Nikatia chumvi kidogo, nikasema nimepuliza kila kona nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Dada akafurahi mno. Akasema kumbe nikitulia naweza, na kwamba tukivuka kesho ataniachia stoo moja kwa moja, mambo ya kunitishia ufunguo yaishe. Dada hajawahi kunisifu tangu nilipofaulu kuogelea.

Fundi Keki alisikia yote. Mikono yake bado ilikuwa na saruji. Akasema hongera, na sauti yake haikuwa ya hongera hata kidogo.

Jioni nilipanda kuyaangalia makopo. Ndani ya katoni kulikuwa na mchakacho, laini, wa mfululizo. Nimeelewa mara moja. Gesi inaamka. Na mwenye duka la pembejeo alisema imeondoka! Nikaifunga katoni vizuri, gesi isije ikatoka tena.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana afya alifika asubuhi, kofia kichwani, karatasi mkononi. Akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama, safi. Akafungua droo, safi. Akamulika tochi nyuma ya magunia, akaguna, na mguno ulikuwa wa kuridhika. Dada alikuwa amekunja mikono kifuani. Mimi nilisimama karibu na mlango, viatu vinang'aa.

Akawa anaondoka! Mguu mmoja ulikuwa nje! Ndipo akauliza, kwa kupita tu, tunatumia dawa gani, maana kazi imefanyika. Dada akatabasamu, akasema mdogo wake ndiye mtaalamu, akanituma nilete. Kwa kujivuna. Fundi Keki akatazama dari.

Nikapanda kwenye kigoda, bwana afya amerudi ndani na kusimama chini yangu. Nikaivuta katoni kutoka juu ya tanuri. Ilikuwa nyepesi upande mmoja, na chini ilikuwa haipo. Imeliwa.

Makopo yalianguka kwanza. Mende wakafuata. Sikujua kama kiwanda kimoja kinaweza kuwa na mende wengi namna ile. Waliozibiwa nyufa zote walikuwa wamehamia mle, kwenye joto, na gundi ya katoni ndiyo chakula. Walimwagika juu ya meza ya kukandia, juu ya karatasi, juu ya kofia. Mwenyekiti alikuwa ukingoni mwa kofia, mbele, akiangalia mambo.

Nikaokota kopo nikabonyeza. Likakohoa. Nikabonyeza jingine. Hata kikohozi halikuwa nacho. Basi nikaanza kukanyaga. Kwa haki niandike kwamba viatu vilifanya kazi nzuri sana. Fedha ya dawa imeua mende wengi ikiwa viatu kuliko ambavyo ingeua kama dawa.

Bwana afya akajikung'uta. Akaokota kopo, akaligeuza, akauliza tarehe yake iko wapi. Nikasema haina. Akasema hilo analiona. Tanuri limezimwa mpaka atakaporudi kukagua upya.

Dada hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia. Alinyoosha mkono tu, nikavua kamba ya ufunguo shingoni, akampa Fundi Keki. Nimeona aibu. Na imeniuma, maana ya jana alikuwa ameyasema kwa moyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimehamia sebuleni kwa dada, kwenye kochi. Shemeji amesema karibu, na kwa pumzi hiyohiyo akauliza hadi lini.

Dada ameniagiza makopo yote niyapeleke kwa wale wanaokusanya taka zenye sumu, nisiyatupe ovyo wala kuyachoma. Nimeyapeleka. Yaliyokuwa kimya kabisa nimeyapeleka.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana afya amerudi. Fundi Keki na dada wameosha kiwanda siku zote hizi, mpaka rafu ya juu ya tanuri imeng'olewa. Hakukuta kitu. Tanuri limewashwa, na harufu ya mkate ikatoka tena mpaka mtaani.

Mchana dada akaniita. Akasema damu ni damu. Nitarudi stoo kama msaidizi wa Fundi Keki, na chumba changu nitarudishiwa, kwa sharti moja tu. Asione kopo langu lolote la dawa ndani ya jengo lake lolote, liwe kiwanda, iwe nyumba. Akiliona, nikatafute pa kuishi. Nikaapa, na machozi yalinilenga. Fundi Keki akanipa ufagio.

Nimejifunza mengi kutokana na jambo hili. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa joto, na mwenye duka aliniambia wazi, nami nikampuuza. Yale makopo yanayokohoa bado yana uhai, yanahitaji kutunzwa tu. Yako kwenye friji ya dada, chini kabisa, ndani ya mfuko mweusi niliouandika Samaki. Pale si pakavu sana, lakini ubaridi upo. Mtu hawezi kupata kila kitu.

Dada yuko jikoni sasa hivi. Amesema leo anapika mwenyewe, kitu kizuri, kwa ajili yangu. Nimesikia mlango wa friji. Anauliza kwa sauti, hawa samaki wamenunuliwa lini.