Mwarobaini wa Mwalimu Violeth

Jumanne, 1 Oktoba

Kazi! Mwalimu Violeth, yule mstaafu aliyefundisha hesabu nusu ya Bariadi, anataka mwarobaini wake uondolewe kabla mvua hazijaanza. Anahofia upepo utauangusha juu ya jiko lake la nje. Mti nimeuona leo asubuhi nikiwa juu ya bodaboda, wala sikumsimamisha dereva. Unene: makumbatio mawili. Mimi mti naupima kwa kuukumbatia, laki moja na thelathini kila kumbatio, na kwa uzoefu nilionao siku hizi nakumbatia kwa macho tu.

Method alinitangulia. Method ndiye mkata miti mwingine hapa mjini, mtu wa futi kamba na daftari. Nasikia aliuzunguka mti mara tatu, akapanda juu ya tangi la maji, akauliza kama kuna misumari. Saa nzima! Kisha akataja laki nne na themanini, kisiki hakimo. Mtu anayejua miti haulizi maswali mengi hivyo.

Mimi nilimaliza kwa simu. Laki mbili na sitini, na kisiki nang'oa bure. Mwalimu alikaa kimya kidogo. Furaha, bila shaka.

Hesabu: chenso, ule msumeno wa injini, ya kukodi kwa Mashimba siku moja, elfu arobaini. Petroli na oili, elfu ishirini. Shemeji yangu Josia wa kupanda juu, elfu thelathini. Kuni tripu kumi za toyo, ile pikipiki ya mizigo, nitamuuzia Mwandu, mchoma tofali, elfu ishirini na tano kila tripu. Faida laki nne na ishirini! Nimeshaanza kufikiria kibao cha jina langu pale barabarani.

Mke wangu Specioza aliinua macho kwenye cherehani akauliza upande wa pili wa mti kuna nini. Nikamwambia mti ni mti. Akamalizia kola ya shati la shule, akainuka, akanipa laki mbili za kuanzia, zile alizokuwa akiweka anunue ovaloki, mashine ya kufunga pindo. Akasema hii ni mara ya nne na ndiyo ya mwisho. Zikipotea, atabeba cherehani yake aende Nassa kwa dada yake Justina. Hatagombana na mimi, ataenda tu. Afadhali angesema atagombana.

Jumatano, 2 Oktoba

Upande wa pili wa mti kuna mti.

Ni mapacha. Kisiki kimoja chini, mashina mawili juu, na la nyuma hulioni ukiwa barabarani. La nyuma ndilo limelalia jiko. Hata la mbele, nilipolikumbatia kwa mikono yangu mwenyewe, limekuja matatu na kiganja.

Mwalimu alinikuta nimesimama pale muda mrefu. Akaniletea kiti na chai. Akasema kwa upole kuwa huenda ningependa kuiangalia upya ile bei, maana nilimpa kabla sijafika, na yeye hataona vibaya. Hata mwanafunzi hupewa muda wa kufanya masahihisho, alisema. Mungu ni shahidi, mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini Method alikuwa anapita na pikipiki, akapunguza mwendo. Basi nikasema, tena kwa sauti, kwamba neno la fundi ni moja. Mwalimu akanitazama kwa huruma, akanipa nusu ya malipo. Chai sikuimaliza.

Alhamisi, 3 Oktoba

Misumari! Miaka thelathini watu wamefunga kamba za kuanikia nguo kwenye mti ule, na kila aliyefunga alipigilia msumari wake. Mnyororo wa chenso ulikutana na wa kwanza saa tatu asubuhi. Kufikia saa sita ulikuwa kibogoyo. Mnyororo mpya, elfu sitini, hela ya Specioza.

Josia alipanda, akapunguza matawi matano, akashuka. Akasema tulikubaliana elfu thelathini kwa mti mmoja. Nikamwambia ni mti mmoja. Akaninyooshea vidole viwili. Tulibishana hadi saa kumi, na chenso imelala kwangu, yaani Mashimba ataidai siku ya pili. Jioni Specioza aliuliza kazi ikoje. Nikasema inakwenda. Aliuliza tena, nikajifanya sijasikia.

Ijumaa, 4 Oktoba

Josia anasema njia ni moja: kushusha shina kipande kipande kwa kamba kuanzia juu, kama anavyofanya Method. Siku tatu! Siku tatu za chenso zinanimaliza. Mimi nasema tulikate chini, tulifunge kamba juu, watu thelathini walivute upande wa uwanjani, lisiende jikoni. Dakika kumi. Vijana wa stendi wanataka elfu kumi kila mmoja. Walafi.

Ndipo nikapata wazo. Bugobogobo! Kundi la bugobogobo likija kulima shamba la mtu halidai mshahara. Linalima kwa ngoma, linarusha majembe juu, linakula, linaondoka. Na mwezi huu hakuna mvua, wamekaa tu. Nilimfuata kiongozi wao, mzee Masunga, nikamwamkia "Mwadila, baba" kwa heshima zote. Alikubali upesi. Aliuliza swali moja tu: mnyama gani? Nikasema mnyama hakosekani. Kichwani nilikuwa nimeandika maharage.

Watu thelathini kwa bei ya maharage! Method hawezi kuwaza jambo hili hata akipewa mwaka mzima.

Jumamosi, 5 Oktoba

Walikuja thelathini na mmoja, na ngoma mbili. Hakuna aliyegusa kamba. Walikaa chini wakanitazama. Kwetu mwenye kazi huonyesha mnyama kwanza, akiwa hai, ndipo jembe lishikwe. Nalijua hilo! Baba yangu alifanya hivyo kila msimu. Mila sikuisahau, nilisahau kuitia kwenye bei.

Nilileta mbuzi mmoja. Masunga akamtazama mbuzi, akawatazama watu wake, akaniuliza taratibu kama nina macho. Wa pili nilimnunua kwa haraka, na muuzaji aliiona haraka yangu. Laki mbili za Specioza ziliishia hapo, na nusu ya Mwalimu ikamegwa.

Lakini kazi! Nilikata shina la nyuma, nikaacha kipande kidogo cha kulishikilia. Ngoma ikaanza. Wakaimba, wakavuta, na lile shina likaanza kutoka juu ya jiko, polepole, likakaribia kusimama wima, likielekea uwanjani kama ng'ombe anayeswagwa. Machozi yalinitoka. Sijawahi kuona kazi yangu ikipendeza namna ile. Mwalimu alikuwa anapiga makofi.

Kisha ngoma ikafika pale inapopanda. Pale ambapo wakulima wote hurusha jembe juu na kuzunguka.

Wote thelathini na mmoja waliachia kamba, wakainua mikono, wakazunguka. Hakuna hata mmoja aliyekosea! Shina lilisimama kidogo, halafu likarudi lilikokuwa limelalia miaka yote. Jiko limekwisha. Mabati, mafiga, rafu ya vyombo, kila kitu. Tunashukuru hapakuwa na mtu ndani.

Nilimwendea Masunga mbio. Akasema yeye hana kosa, mtu haiti bugobogobo halafu akategemea wasicheze. Wakala mbuzi wote wawili. Mimi sikuweza kula.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani walikuwa wameshajua. Hata waliotoka vijijini walikuwa wameshajua. Method alinifuata baada ya ibada, akanipa mkono, akasema pole. Akasema ataniazima wapandaji wawili na kamba zake kwa lile shina la mbele, bila faida yoyote. Ujanja huo naujua. Anataka kuja kuchungulia ninavyofanya kazi! Nikakataa.

Mchana nilikaa na mwenyekiti wa mtaa na Mwalimu. Tumekubaliana nitalijenga jiko upya. Nikawakadiria palepale: siku mbili, elfu themanini. Mwalimu akauliza kama nimehesabu na tofali. Nikasema ni makadirio.

Nimegundua kuwa tangu jana Specioza anampelekea Mwalimu wali na mboga. Hakuniambia, nimeviona vyombo vyetu pale barazani. Niliona aibu kubwa kuliko ya kanisani.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwalimu amempa Method shina la mbele. Alinieleza yeye mwenyewe, kwa adabu, kwamba nusu ya pili ya malipo yangu itakwenda huko. Nilisimama kwa jirani nikitazama. Nilitaka kuona akikosea. Wapandaji wawili, kamba tatu, kila kipande kinafungwa kabla ya kukatwa na kinashushwa chini taratibu. Kuku wa Mwalimu waliendelea kula chini ya tangi. Saa kumi amemaliza, amefagia, ameondoka.

Kisiki hakukigusa. Hakimo kwenye bei yake. Kisiki ni changu, niliahidi bure.

Mwandu mchoma tofali alikuja kutazama kuni. Akasema mbichi, haziwaki mpaka baada ya mwaka mpya, na akahesabu tripu nne, siyo kumi. Akatoa elfu hamsini kwa zote. Nilimwambia huo ni wizi. Kisha nikamkimbilia barabarani, nikazichukua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Shimo limefika kifuani na kisiki hakijatikisika. Mizizi ya mapacha imesukana mle chini, na mmoja umekwenda hadi chini ya tangi. Josia haji tena. Ametuma salamu kuwa mgongo unauma. Juzi nilimwona anacheza bao.

Saa nane nilikaa chini mle shimoni. Sikuwa nimechoka sana, ila nilijisikia vibaya mno na sikutaka mtu anione. Nilimwaza Specioza, jinsi alivyozihesabu zile laki mbili mara mbili kabla hajanipa. Nilikaa mpaka Mwalimu akaja kuchungulia, akauliza kama mimi ni mzima. Nikasema napima kina.

Ijumaa, 11 Oktoba

Specioza ameondoka.

Hakugombana, kama alivyosema. Asubuhi alimalizia sare mbili za wateja, akazikunja, akaniachia majina ya wenyewe. Josia alikuja kumbebea cherehani dada yake hadi stendi, na mgongo haukumuuma. Nilimwambia asubiri, nimepata wazo kuhusu zile hela. Akasema wazo asilisikie. Akasema shida yake siyo laki mbili, laki mbili zinashonwa tena. Alichochoka ni kuuliza. Kila siku anauliza, na kila siku anajibiwa na mtu ambaye hajaenda kutazama.

Nilitaka kusema jambo. Nilisema nauli ya Nassa isizidi elfu nane, wasimwibie. Akasema ameshauliza, ni elfu kumi.

Pale mashine ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu sakafuni. Nyumba imekuwa kimya. Sikujua kuwa ile cherehani ndiyo ilikuwa inajaza nyumba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu leo, sikuchimba. Kisiki kipo palepale. Ukuta wa jiko umefika magotini na tofali zimekwisha.

Nilipiga simu Nassa. Justina akapokea. Akasema mdogo wake yuko na wateja, wamejaa, amepewa sehemu dukani mbele. Nikasema nitapiga baadaye. Akasema sawa shemeji, kwa namna ya mtu asiyetegemea.

Nilikuwa bado nimeshika simu, ikaita. Nikadhani ni yeye. Hapana. Mtu wa Kasoli, anaitwa Luhaga, ana mkwaju karibu na ghala lake la pamba, anataka uondolewe. Akasema mkubwa kidogo. Akauliza nitakwenda lini kuutazama. Nikamwambia hakuna haja ya kupoteza muda, mikwaju naijua tangu utotoni. Laki moja na nusu. Alikaa kimya kidogo. Furaha, bila shaka. Nikaongezea kisiki bure.

Nimeshapiga hesabu. Kazi ni siku moja, Jumatano. Faida, ukiweka na kuni, laki mbili kamili. Alhamisi nanunua ovaloki, Ijumaa naipeleka Nassa mwenyewe. Nimefua mashuka na nimepika wali mwingi ili nizoee tena kipimo cha watu wawili.

Specioza atarudi Ijumaa. Kwa tahadhari, niandike Jumamosi.