Mawimbi ya Mama Emerance Yanaruka Uzio Bila Hodi

Bunia, tarehe 14 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Taifa ya Kusimamia Masafa ya Redio,
Kinshasa

Kuhusu: kuondolewa kwa Mama Emerance kwenye 94.7, na kuwekwa kwangu mahali hapo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima yote inayostahili kiti chenu, na kwa afya njema isipokuwa shingo, ambayo nitaieleza kwenye lalamiko la tatu, mimi Constant Kule, shefu, yaani mkuu wa mtaa, wa avenyu ya Mikaratusi hapa Bunia kwa mwaka wa kumi na tisa, naja mbele yenu na karatasi hii.

Nimesoma tangazo lenu lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya komini. Nimelisoma mara nne, nikiwa nimesimama, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Mmesema masafa ya redio ni mali ya taifa, kwamba ni haba, kwamba hayaongezeki, na kwamba ninyi ndio mnaoyagawa: kipande hiki kwa ndege, kile kwa simu, kile kwa redio, ili mmoja asimkanyage mwenzake. Machozi yalinilengalenga. Kumbe Kinshasa kuna mtu anafanya kazi kama yangu! Mimi nami nagawa visivyoongezeka: mipaka ya viwanja, zamu za bomba la maji, mahali pa kuanika mihogo. Tofauti ni kwamba ninyi mnasikilizwa.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Mimi sisikilizwi tena. Kwa miaka kumi na minane nilipuliza filimbi, watu wakatoka. Siku hizi wanatoka akisema jirani yangu Mama Emerance, fundi wa redio na mjane wa fundi wa redio. Huyu mama ameweka mtambo wa kurusha matangazo jikoni kwake, chini ya sufuria iliyofudikizwa kwa sababu bati linavuja, akauita Redio Jikoni, akajikalia kwenye 94.7 kama mtu aliyeingia harusini bila kadi na kuchagua meza ya mbele. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mawimbi yake yanaruka uzio. Kati ya mlingoti wake na uzio wangu kuna hatua arobaini na moja. Nilizipima kwa kamba mbele ya wazee wawili, tukapanda mawe manne ya mpaka kuonyesha 94.7 inaishia wapi, tukaandika hati. Kesho yake asubuhi nawasha redio yangu, ndani ya mpaka wangu, nikinywa chai yangu: Mama Emerance huyo, anapiga chafya! Nilikwenda kuyakagua mawe. Hayakuguswa. Wimbi limevuka mchana kweupe, bila hodi.

2. Ni kweli kwamba ana ruhusa yenye muhuri wangu. Alikuja kuomba kusimamisha mlingoti wenye waya, nami nikadhani ni wa kuanikia nguo. Nilimsifu hata kwa usafi. Naomba ofisi yenu itambue kwamba muhuri ule ulihusu nguo peke yake.

3. Salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi. Mwezi wa kwanza mfereji uliziba, nikapuliza filimbi kuanzia saa moja hadi shingo ikakaza, na mpaka leo haigeuki vizuri upande wa kushoto. Walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa anamtafuta mbuzi wake. Jumamosi iliyofuata, Mama Emerance akataja mfereji kwa sauti ya kawaida, kati ya bei ya ndizi na salamu za mgonjwa. Wakaja sitini na wawili, na makoleo, wakiimba! Nilimwuliza mzee Michel, ambaye nilimwozesha mwenyewe, kwa nini ananitenda hivi. Akanijibu: “Shefu, weye iko napiga filimbi kwa watu yote. Mama Emerance ye anaita mutu kwa jina.” Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu hawasikii la mkuu tangu Oktoba, na hakuna guu hata moja lililovunjika. Jambo hili linawaaibisha wahenga pia, na wao hawawezi kuandika barua.

4. Katika tangazo lenu mmekataza “usumbufu wenye madhara”. Madhara ninayo. Kila siku saa kumi jioni Redio Jikoni hufundisha mapishi, na mke wangu Marie-Claire hafanyi lingine saa hiyo. Juzi ilikuwa sombe ya majani ya mihogo na samaki wakavu wa Tchomia. Nilikula sahani tatu kwa hasira. Suruali yangu ya sherehe za uhuru za tarehe 30 Juni haifungi tena, na shefu asiyefunga suruali hawezi kuitetea jamhuri.

5. Hili ni zito. Kwa vipimo vyangu, Redio Jikoni hufika kwenye matanuri ya matofali, hapo inakoroma na kukatika. Lakini mwezi uliopita Mama Véronique, mkulima aliyekimbia vita kutoka Djugu na sasa analala kwa dada yake kwenye avenyu yangu, alisema redioni kwamba hajui alipo mwanawe Gauthier tangu walipopotezana njiani. Mwendesha pikipiki mmoja alisikia akiwa anatia mafuta. Akayabeba maneno yale hadi Komanda, akayamwaga pale njia panda wanaposimama wenye malori. Mwingine akayaokota, akaenda nayo Gety. Jumatano, Gauthier akaingia avenyu kwa miguu, na mfuko mmoja begani. Mama yake alipiga kelele iliyosikika bila mtambo wowote.

Nililia, Mheshimiwa, nakiri. Nililia kama raia. Kama shefu, nilijiuliza wimbi linalokoma kwenye matofali limefikaje Gety. Nilijiuliza pia juu ya daftari langu la waliopotea, lenye mistari iliyonyooka, ambamo jina la Gauthier limeandikwa tangu Agosti kwa wino mzuri na halijamleta mtu.

6. Nimekesha na hesabu hii, na jibu ni moja: pikipiki ni mtambo. Inapokea Bunia, inarusha Komanda. Basi kila mwendesha pikipiki apangiwe masafa yake na abandike namba kwenye kofia. Na kama pikipiki ni mtambo, mdomo je? Marie-Claire hupokea saa kumi na kurusha upya bombani saa kumi na moja, kwa nguvu zaidi na kwa nyongeza ambazo Mama Emerance hakuzisema. Naomba apewe leseni ya mdomo ya nguvu ndogo, mwisho wake kona ya kwanza, na Jumapili azimwe. Tukishafika hapo, mwangalieni pia jogoo wa mzee Michel. Alfajiri anaingiliana na kengele ya kanisa na adhana ya msikiti. Kengele na adhana walishaelewana zamani. Jogoo ndiye hana adabu ya masafa.

Kwa hiyo naomba mtume fundi mwenye koleo la kukatia nyaya. Anyang'anye 94.7, anikabidhi mimi mbele ya mashahidi. Ratiba iko tayari: asubuhi filimbi, mchana sheria za usafi kifungu kwa kifungu, jioni filimbi. Watu watasikiliza kwa kuwa hakutakuwa na kitu kingine cha kusikiliza.

Nikiungoja mkono wenu mzito na huyo fundi, wapelekeeni salamu zangu wapimaji wenu, karani anayepokea barua, dereva, mlinzi wa lango, na hasa mwandishi wa lile tangazo, kwa kuwa ana mwandiko wa mtu aliyelelewa vizuri.

Wenu katika kugawa visivyoongezeka,

Constant Kule
Shefu wa avenyu ya Mikaratusi (saini na muhuri)

Nakala kwa taarifa: Meya; Chama cha waendesha pikipiki; Padri na Imamu, kuhusu jogoo; Marie-Claire, asijibu.

N.B. Haya naongeza kwa mkono. Barua hii niliipeleka kwa Mama Emerance ipigwe chapa, kwani avenyu nzima mashine ni yake tu. Sikukumbuka kwamba hupiga chapa huku matangazo yakiendelea, na kwamba husoma kila neno kwa sauti asikosee. Aliisoma yote, hadi suruali. Hakucheka hata mara moja, na alinisahihishia maneno mawili. Nilijifungia ndani. Nikasikia miguu mingi uani, nikasema leo ndiyo leo. Nilipochungulia, avenyu nzima ilikuwa imekuja, na Mama Véronique mbele na mwanawe, wanataka shefu aeleze mwenyewe hayo mambo ya masafa. Mama Emerance akanipitishia mikro ya kusemea juu ya uzio. Nilizungumza dakika arobaini, zaidi kuhusu mifereji, na hakuna aliyeondoka! Hata Marie-Claire alinyamaza. Sasa nina kipindi changu kila Jumanne, na wameanza kuniletea maswali tangu Jumapili.

Barua naituma kwa kuwa imeshapigwa muhuri, na karatasi yenye muhuri haitupwi. Lakini tafadhali, Mheshimiwa, badala ya fundi tumeni fomu ya kuomba leseni, tutaijaza vizuri. Fundi asije. Akija na kuuliza Redio Jikoni iko wapi, hapa hatapata mtu wa kumwonyesha. Nimewakataza mimi mwenyewe, na wamenisikiliza.