Difu Nyekundu Chini ya Gari la Bluu

Jumatatu, 6 Mei

Daftari, habari za tangu dukani. Sisi hapa wazima. Mama mkwe mzima, isipokuwa magoti. Binti yangu mkubwa, aliyekununua na kuniambia niandike hasira zangu badala ya kuwapigia watu kelele, mzima huko kazini kwake. Wa kati mzima. Hapigi simu, lakini angeumwa angepiga. Kitinda mimba wangu mzima, ila anakohoa na sweta hataki. Kuku wazima. Pikapu ya marehemu baba watoto si nzima. Shemeji, mdogo wake marehemu, mzima kupita kiasi.

Huyo ndiye anayenifanya niandike. Leo kaja, kakanyaga mboga zangu, kapiga gurudumu teke. Kasema gari hili lilishakufa, nimpe alifanye spea. Ana pikapu kama hii hii, ya umri huo huo. Yake nyekundu, yangu ya bluu. Anataka milango, taa, hata kiti! Kitinda mimba nilimzalia juu ya kiti hicho, tumekwama kwenye tope, baba yake kanishika mkono na usukani kaushika kwa mwingine, kana kwamba tunakwenda! Nikamfukuza. Akaenda kushtaki kwa mama yake.

Mama mkwe kaamua. Jumamosi gari langu lipande kilima cha mashine ya kusaga, kwa nguvu zake lenyewe. Likipanda, ni langu na mtu asilisogelee. Likishindwa, shemeji achukue.

Jumamosi hii! Na magurudumu ya mbele hayavuti tangu mwaka jana, na kilima kile hakipandiki kwa ya nyuma peke yake.

Jumanne, 7 Mei

Kwa fundi. Mtaani wanamwita Fundi Kesho, na hawakukosea. Kalala chini ya gari mpaka nikadhani kasinzia. Katoka, kasema ni difu ya mbele, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu, lenye meno ya kuyazungusha. Beringi yake imesagika. Ya kuagiza, wiki mbili. Nikamwuliza kama anajua Jumamosi ni lini. Akasema, mama, hata ukinifokea beringi haisikii. Nimemchukia.

Kugeuka, naiona pikapu ya shemeji imeegeshwa hapo hapo uani, inasubiri breki. Nikainama. Difu yake nzima, tena imepakwa rangi nyekundu kama kucha za bibi harusi! Mtu gani anapaka rangi tumbo la gari? Asiye na kazi.

Sikuwaza kitu. Niliwaza kidogo tu.

Jumatano, 8 Mei

Nimewaza yote. Shemeji yuko kwenye mkutano wa ushirika, harudi mpaka kesho. Nikampelekea fundi chai ya maziwa na mkate mzima. Nikamwambia shemeji na mimi tumepatana, tunabadilishana difu za mbele. Uongo ulinitoka laini, hadi mwenyewe nikaanza kumshukuru shemeji.

Fundi akajikuna kichwa. Akasema basi tufungue tuhesabu meno kwanza. Magari haya mengine yalitengenezwa kwa mizigo, mengine kwa mwendo, na difu ya mbele lazima ilingane na ya nyuma. Nikamwambia haya magari ni mapacha, nayajua tangu hujaota ndevu. Meno ni meno! Akasema haya, kesho. Nikasema leo. Nikakalia boksi lake la spana mpaka akaanza.

Jioni kazi imekwisha. Difu nyekundu kwangu, mzoga wangu kwake. Nani huchungulia chini ya gari?

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji kachukua gari lake. Kapita kanipigia honi na kunipungia mkono kama anaomba kura. Nikamwambia kitinda mimba, unaona baba yako mdogo alivyo na dharau? Akasema, mama, kakusalimia tu. Huyu mtoto ana roho ya baba yake. Ataibiwa mpaka viatu. Nikamvisha sweta kwa nguvu, ana miaka kumi na tisa, akanuna.

Nimejaribu gari barabarani. Linakwenda kama maji. Gia ya kuvuta magurudumu yote manne sijaigusa. Hiyo nimemwekea shemeji.

Jumamosi, 11 Mei

Nina hasira hadi kalamu imetoboa karatasi!

Mtaa mzima ulikuja kilimani. Mama mkwe kaja na kigoda chake, kakaa kando ya njia. Nikapanda vizuri mpaka nusu. Penye mwamba nikaingiza ile gia. Mungu wangu! Magurudumu ya mbele yanataka kukimbia, ya nyuma yanataka kutembea. Gari likarukaruka kama mbuzi aliyefungwa miguu, likatoa kishindo, likagoma. Chini huko Fundi Kesho anapiga kelele: meno, mama, si nilisema meno!

Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, subiri nikuvute, shemeji yangu, hii ni kazi ya wanaume. Akafunga kamba, akaingiza gia na yeye. Lake likalia kama ng'ombe anayezaa, likazima. Magari mawili, kamba moja, hakuna liendalo. Nilifurahi dakika nzima.

Kisha mama mkwe, kutoka kule chini kigodani, akauliza kwa sauti: mbona la bluu lina tumbo jekundu?

Shemeji akainama chini ya gari langu. Akainama chini ya lake. Akaniita jina nisiloweza kuliandika. Nikamwita la kwake. Fundi akasema yeye aliambiwa tumepatana. Msaliti! Na mkate wangu tumboni!

Kitinda mimba kashuka kilima peke yake bila kunisemesha. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 12 Mei

Hukumu. Mama mkwe kazifunga funguo zote mbili kwenye pindo la nguo yake. Kila difu irudi kwake. Nimepewa wiki mbili, gari langu lipande tena. Nikigusa kitu chochote cha shemeji, limekwenda siku hiyo hiyo. Fundi akasema wiki mbili zinatosha kabisa, beringi itakuwa imefika.

Halafu shemeji, macho chini, akasema beringi ataiagiza yeye. Akasema hata yeye kaka yake alimfundishia gari kwenye kiti kile, ndiyo maana alikitaka. Wote wakanitazama. Kitinda mimba akanikanyaga mguu nijibu asante.

Asante! Mimi si mtoto. Huyo akiagiza beringi ataagiza mbovu, nimwangukie miguuni. Nikaenda kuwafungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado.

Nimeahidi mbele ya wote sitagusa kitu cha shemeji, na sitagusa. Nimemwandikia dada yangu, maana mume wake naye ana pikapu kama hizi, nyeupe. Nimeandika hivi:

Dada, sisi wazima, mama mkwe kidogo amekasirika. Mume wako anasafiri lini? Gari silihitaji lote, ni kipande cha katikati tu. Mtu akiuliza, sema tumepatana. Nijibu upesi, fundi nimeshampelekea chai.