Sahihi Tatu za Takwimu

Jumatatu, 3 Novemba
Sylus na Kituku, marafiki zangu wa dhati hapa chuoni Voi, wamesema tena kwamba kuhudhuria kila somo ni woga. Mimi si mwoga. Ila Jumatatu ijayo sote watatu tunarudia mtihani wa takwimu, na nikianguka tena mama ameapa nitarudi nyumbani Njukini kupalilia maharagwe. Asiyehudhuria vya kutosha haruhusiwi kuufanya. Nimebuni mpango: kila somo aingie mmoja wetu, asaini kwa niaba ya wote watatu. Sylus kaniita profesa. Zamu yangu Ijumaa.

Jumatano, 5 Novemba
Zamu ya Sylus. Nimelala hadi saa tano. Kituku sikumwona, eti jino linamuuma. Maskini.

Ijumaa, 7 Novemba
Fedheha! Nilichelewa, nikaketi nyuma. Karatasi ya mahudhurio ilinifikia ikiwa kwenye ukurasa wa pili, wa kwanza umeshajaa, nami sikuufunua. Nikaandika majina matatu kwa miandiko mitatu. Kazi safi. Dakta Mutindi, mwalimu wetu, akasoma orodha na kuuliza mbona Sylus na Kituku wapo mara mbili. Wakasimama. Mstari wa mbele! Na vitabu mkononi! Mimi nikapewa onyo la mwisho mbele ya darasa zima. Wao wakaitwa vijana wenye bidii.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimewakabili. Sylus amekiri bila haya kwamba hawajakosa somo hata moja muhula huu, na kila jioni husoma kwa shangazi yake Kituku kule Mbololo. Nikauliza mbona walinificha. Kituku akasema waliogopa ningewacheka. Bila shaka ningewacheka! Marafiki ni wa nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini dawa ya moto ni moto. Nimewaalika Mwatate kesho, fainali ya mpira, nikawaambia atakayebaki kusoma ni mwoga. Wamekubali mara moja. Wataanguka mtihani, nami nitalala usingizi mtamu.

Jumapili, 9 Novemba
Mwatate. Hawajaja. Sylus aliandika saa saba kwamba wako njiani. Sasa ni saa kumi na nusu, kipindi cha pili kimeanza, na simu zao zimezimwa. Daftari langu la takwimu liko Voi. Nikiondoka sasa naweza kusoma kwa muda wa saa tatu, nne hivi. Lakini wakifika wasinikute, watasema nilikimbilia vitabu. Aibu hiyo siitaki. Nimewashikia nafasi mbili kwenye benchi, na mzee mmoja aliyetaka kuketi nimemwambia zina wenyewe.